Kumpoza Kiroboto

Jumapili, 2 Machi

Bega bado linauma. Naanza kuandika shajara hii leo ili watu wakitaka kujua ukweli wausome hapa, wasiuokote mitaani.

Ukweli wenyewe: jana sikuligonga hema la chai. Niliingia ndani yake. Kuna tofauti. Ilikuwa siku ya magari ya zamani kwenye uwanja wa mbio, nami nilikuwa raundi ya nne. Kiroboto ananguruma kama enzi za marehemu baba. Viti viwili, mwekundu, mfupi, bapa, ndiyo maana baba akampa jina hilo. Mimi nimevaa kofia ngumu na glavu nilizojishonea mwenyewe. Kona ya mwisho nikakanyaga breki. Pedali ikazama hadi sakafuni bila ubishi. Nikakanyaga tena. Hakuna kitu! Nikapita kwenye majani, nikapita kibao cha kukataza kupita, nikaingia hemani. Wanachama walikuwa wamesimama na vikombe vyao. Namshukuru Mungu ni wepesi kuliko wanavyoonekana. Mwenyekiti wa klabu alikuwa juu ya meza kabla sijasimama. Birika kubwa ndilo pekee lililoumia.

Kiroboto mzima. Taa moja tu imepasuka.

Dada aliona yote kutoka jukwaani. Baba alituachia gari hili sisi wawili, nusu yake, nusu yangu, na Dada hakuwahi kuuliza nusu yake ni ipi. Jana jioni akauliza. Kaja na mume wake, Shemeji, muuza samani. Akasema Jumamosi ya tarehe 15 kuna siku nyingine uwanjani. Nizunguke raundi kumi mfululizo, breki zikiwa na akili zake, nami nirudi na viungo vyangu vyote. Nikiweza, atanisainia nusu yake, Kiroboto awe wangu peke yangu. Nikishindwa, anakwenda kwa Shemeji.

Shemeji anamtakia nini? Kumweka dirishani dukani! Katikati ya kabati la vyombo na seti ya makochi! Eti atavuta wateja. Eti ataweka chombo cha maua juu ya boneti. Aliyasema hayo nyumbani kwangu, mkononi kashika kikombe cha chai yangu. Nilitamani kummwagia.

Wakati wa kuondoka Dada alibaki nyuma mlangoni. Akasema yeye hana haja na gari wala maua. Amemzika baba juzijuzi, hataki kunizika na mimi. Nikamwambia afunge vifungo vya koti, nje kuna upepo.

Jumatatu, 3 Machi

Nimefunga duka la ushonaji mapema, nikampeleka Kiroboto kwa fundi wa magari mtaa wa nyuma. Watu humwita Daktari kwa sababu husikiliza injini kwa kipande cha mpira wa maji sikioni, macho kafumba. Kalala chini ya gari dakika ishirini. Kaibuka na jibu. Breki zinachemka.

Akanieleza kana kwamba anamweleza mtoto. Oil ya breki iliyomo ni ya tangu enzi za baba. Ikipata moto inachemka, inatoa mapovu, na mapovu hayasukumi kitu, ndiyo maana pedali inazama. Akasema kuna mambo matatu. Kwanza, oil mpya, ile inayostahimili moto. Pili, hewa. Bomba la kupindika kutoka mbele kwenye bampa hadi katikati ya diski ya breki, pale kwenye kitovu, ili hewa itokee kwenye matundu ya diski na kuipoza yote. Mdomo wa bomba usizidi ngumi. Tatu, raundi ya mwisho niende mdogomdogo, breki zipumue.

La kwanza ni kazi yake, nusu saa tu. Nikamwambia aifanye hapohapo. Akanitazama. Akauliza suruali yake iko wapi.

Ah. Ile ya kijivu, ya kubadilishwa zipu. Nikamwambia kesho. Akanikumbusha kwamba nilimwambia kesho mwezi wa kumi na moja. Halafu akasema hata oil ataibadilisha kesho. Nikamjibu kwamba siku oil itakapobadilishwa ndiyo siku zipu itakapotiwa. Akasema vizuri sana, siku zipu itakapotiwa ndiyo siku oil itakapobadilishwa. Tukapeana mikono kwa heshima zote. Mtu mkaidi yule! Mimi nina msimamo tu.

Hata hivyo oil ni jambo dogo. Jambo kubwa ni hewa. Nimerudi nikifikiri njia nzima. Bomba jepesi, la kupindika, huku pana, huku jembamba. Nimesimama katikati ya barabara, hadi wa nyuma yangu akapiga honi. Kitu hicho nimekishona miaka ishirini na miwili! Ni mkono wa shati!

Jumanne, 4 Machi

Nimempima Kiroboto. Kasimama mbele ya duka, katulia, hajikuni, havuti tumbo ndani. Laiti wateja wote wangekuwa hivi. Kutoka bampa hadi gurudumu, kulia sentimita sitini na nne, kushoto sitini na tatu. Bega moja limeshuka kidogo. Watu wengi wako hivyo na hawajijui.

Nimekata turubai la kijani. Mikono miwili, mishono miwilimiwili. Tatizo: ukiusimamisha mkono unalegea, unajifunga. Unahitaji pete za waya ndani ili ubaki wazi. Nimetafuta waya duka zima. Waya pekee uliopo ni wa gauni la Mwimbaji.

Mwimbaji ni mteja wangu mkubwa, huimba hotelini. Kaagiza gauni la zambarau, jembamba kiunoni, chini limetanuka kiasi kwamba litaingia mlangoni kabla yake. Linatanuliwa na pete saba za waya. Atalivaa tarehe 15, na ataimba wapi? Kwenye chakula cha mchana cha klabu yetu, uwanjani palepale. Dunia ndogo.

Nimechomoa pete tatu. Hatajua.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nimevisha. Kiroboto kapendeza! Mikono ya kijani chini ya bampa, viwiko vimeelekea kwenye diski. Nimeendesha barabara iliyonyooka, mambo shwari. Nikakata kona kushoto. Krrrap! Gurudumu limekula mkono. Limeutafuna wote, limetema waya.

Nimekaa kwenye ukingo wa barabara, nikajilaumu. Kosa la mwanafunzi! Nimempima mteja kasimama wima, mikono kaishusha, wala sikumwambia anyanyue hata mmoja. Magurudumu yanapinda. Lazima kuwe na nafasi kwapani.

Nilipofika dukani nikamkuta Shemeji kainama mbele ya mlango, kashika futi ya chuma. Anakuja kupima gari la watu kabla hajapewa! Nikamwegeshea Kiroboto miguuni. Hakuona haya, akaanza kupima upana. Na mimi nikatoa futi yangu ya kitambaa, nikaanza upande wa pili. Tukakutana katikati ya boneti. Yake ikasema mita moja na arobaini na nane. Yangu ikasema arobaini na saba. Tulibishana robo saa. Alisema futi ya chuma haidanganyi. Nikamuuliza tangu lini mwili wa Kiroboto ukawa kabati. Akanishauri nipumzike.

Ijumaa, 7 Machi

Mikono mipya. Hii ina kwapa pana na marinda sita kwenye kiwiko, inajikunja na kujikunjua. Nimepinda usukani kulia na kushoto mara hamsini. Haikuguswa! Sijawahi kushona kwapa zuri kama lile kwa binadamu.

Ile ya kwanza ilikula pete tatu. Hii imechukua nne zilizobaki. Kwa hiyo gauni la Mwimbaji sasa halina waya hata mmoja. Lakini rangi yake nzuri sana.

Daktari kapita. Kaangalia mikono, kaangalia kwapa, akatikisa kichwa kwa namna ambayo nadhani ni ya kuvutiwa. Kauliza zipu. Nikamwambia kesho. Nikauliza oil. Akaniambia kesho.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimejaribu. Nyuma ya maghala kuna barabara ndefu, tupu, ina mteremko. Nimekwenda mbio, nikakanyaga breki, mbio tena, breki tena. Mara nane. Kisha nipime joto la diski.

Daktari ana kifaa cha kupimia, unakielekeza tu kinaandika namba. Nilimtuma mtu kukiazima. Jibu likarudi: suruali. Basi! Sina haja naye. Mimi hupima joto kila siku ya maisha yangu. Pasi hupimwa na nini? Kidole na mate.

Nikalowesha kidole, nikapitisha kati ya spoki, nikagusa diski.

Jamani! Jamani, jamani!

Naandika kwa mkono wa kushoto. Kwa vipimo vya pasi, joto lile limepita hariri, limepita sufu, limepita pamba. Ni kitani kizito, tena na mvuke. Nataka lishuke hadi hariri. Maana yake hewa haitoshi. Maana yake midomo ya mikono ni midogo. Daktari alisema ngumi. Ngumi ya nani? Hakusema.

Jumatano, 12 Machi

Nimepanua midomo. Nilianza na upana wa sahani. Nikaona nisiwe bahili, nikafika upana wa beseni. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikatazama kama ninavyotazama kola, nikaona bado. Sasa kila mdomo unatosha mtu mzima kukaa ndani akijikunja. Turubai lilikwisha, nimemalizia na zambarau iliyobaki ya Mwimbaji, na pindo nimepiga kwa nyuzi za dhahabu. Kiroboto kwa mbele anafanana na mtu aliyevuta pumzi ili aanze kupiga kelele.

Dada kaja kuniletea miwani niliyoisahau kwake. Kaona. Kacheka hadi akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba. Nikafurahi kupita kiasi, nikamvalisha mdomo mmoja kichwani, akacheka tena, machozi yanamtoka. Kisha akafuta macho, akaniuliza kama oil ya breki imeshabadilishwa.

Nikamwambia inashughulikiwa. Si uongo. Watu wawili wako kwenye jambo hilo, kila mmoja anamngoja mwenzake.

Akasema sawa. Akasema ananiamini kwa hilo. Sijui kwa nini alilazimika kulisema hivyo, usoni kabisa.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya! Nitafupisha.

Saa tatu nimemvisha Kiroboto mikono kwa bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu, kama ninavyofanya kwa mteja yeyote kabla ya mshono wa cherehani. Saa nne umeme umekatika. Umeme haukurudi. Haidhuru, bandi yangu mimi ni sawa na mshono wa mwingine.

Saa sita kaja Mwimbaji. Nikamwambia kesho. Akasema kesho ndiyo siku yenyewe, akaingia nyuma ya pazia, akalivaa gauni mwenyewe. Akatoka. Gauni limemning'inia pande zote kama nguo iliyoanuliwa kabla haijakauka. Akajitazama kwenye kioo muda mrefu. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa, mwili unaachiwa uhuru. Akauliza uhuru huo ulianza lini. Kabla sijajibu alikuwa ameshaondoka nalo, kalishika pande mbili kwa mikono asije akalikanyaga.

Saa tisa nilijiambia yaishe. Nimtie Daktari zipu yake, abadilishe oil, nilale kwa amani. Kwa kweli nilimfikiria Dada. Nikaitoa suruali, nikafumua zipu ya zamani, nikatoa mpya kwenye pakiti. Zipu nzuri ya chuma, sentimita ishirini. Nikaishika. Nikaukumbuka mkono wa kulia wa Kiroboto, ule usiotaka kushikamana vizuri na bampa. Nikatazama zipu. Nikatazama bampa.

Sasa unashikamana vizuri sana. Unafunga na kufungua kwa sekunde moja! Suruali ya Daktari haina zipu kabisa, si ya zamani wala mpya. Lakini nimeipiga pasi, ile ya mkaa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeomba kalamu kwa nesi wa uwanja. Niandike yote kabla wengine hawajayapotosha.

Tumefika asubuhi. Hema la chai limehamishiwa ng'ambo ya maegesho, limezungushiwa matairi. Mwenyekiti kanisalimia kwa mbali. Daktari kaja na suruali yake nyingine, kaifunga kiunoni kwa mkanda wa feni ya gari, hakunisalimia kabisa. Na Shemeji? Kaja na lori! Kashusha kochi la watu watatu, jekundu, kaliweka kwenye majani baada ya kona ya mwisho. Eti apige picha Kiroboto akipita kwa nyuma, ya tangazo la duka. Nikamwambia Dada mume wako ananitafutia mabaya. Akasema nichunge barabara, niachane na makochi.

Bendera ikashuka. Nikaondoka.

Raundi ya kwanza nilidhani nimesahau kushusha handbreki. Nakanyaga mafuta, injini inalia, gari haliendi. Midomo imeshika upepo wote, imetuna kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Magari yananipita kulia na kushoto. Kanipita mzee mmoja mwenye gari la mwaka aliozaliwa bibi yangu, akaniinulia kofia. Raundi ya tatu likanipita gari la wagonjwa lililokuwa likikagua uwanja. Lilipunguza mwendo, wakanitazama, wakaona niko hai, wakaendelea.

Na breki? Sikuzigusa! Nikifika kwenye kona nainua mguu tu, gari linajisimamia lenyewe. Raundi ya tano, ya sita, ya saba. Wenzangu wote wamemaliza wanakunywa chai. Mwimbaji kaanza kuimba. Raundi ya tisa wimbo umekwisha, kaanza mwingine. Raundi ya kumi nimevuka mstari, uwanja mzima umesimama unapiga makofi, nadhani kwa sababu walitaka kwenda kula.

Nikashuka. Nikalowesha kidole, cha mkono mwingine. Nikagusa diski mbele ya watu wote. Baridi! Hata hariri haijafika! Unaweza kuweka siagi pale!

Dada alikuja anakimbia. Akanikumbatia na kofia yangu kichwani. Akatoa karatasi kwenye mkoba, akaisaini juu ya boneti, akanipa. Nusu yake. Akasema baba angecheka sana leo. Akasema sasa twende nyumbani.

Kiroboto wangu! Wangu wote, kuanzia taa nzima hadi taa mbovu!

Hapo ndipo Daktari alipoharibu hewa kwa maneno. Akasema mbele ya watu kwamba breki lazima ziwe baridi, maana hazikutumika. Akasema nimeshona parashuti. Baadhi ya watu wakacheka. Akasema oil ni ileile, nilipeleke gari nyumbani taratibu, kesho ataibadilisha, zipu au hakuna zipu. Kwa nini hakuyasema hayo wiki nzima? Wivu! Wivu mtupu! Damu ikanipanda. Nikasema nitazunguka raundi nne nyingine, za heshima, nao watazame vizuri.

Dada alisema hapana. Alisema hapana mara ya pili. Mimi nilikuwa nimeshafunga mkanda.

Raundi ya kumi na moja nikakanyaga kwa hasira zote. Bandi ikaachia. Mkono wa kushoto uliruka juu, nikauona kwenye kioo unapaa. Wa kulia zipu ilijifungua yenyewe, taratibu, kwa adabu, nao ukaenda zake. Na Kiroboto akawa Kiroboto! Lo! Gari jepesi, upepo usoni, raundi ya kumi na mbili nimewapita wawili kati ya waliorudi kuzunguka nami, ya kumi na tatu nimempita yule mzee na kumwinulia kofia. Kila kona nakanyaga breki, zinakamata, nakanyaga, zinakamata. Nilikuwa naimba. Nakiri nilikuwa naimba kwa sauti.

Raundi ya kumi na nne, kona ya mwisho, pedali ikazama hadi sakafuni.

Majani. Kibao cha kukataza kupita. Shemeji aliiachia kamera akaruka kushoto. Kochi halikuruka popote.

Niseme ukweli, ni kochi zuri. Limetupokea vizuri, mimi na Kiroboto, limerudi nyuma na sisi hadi kwenye uzio, likatulia. Sponji yake ni ya hali ya juu. Nilijikuta nimekaa wima, mikono kwenye usukani, mto mmoja mapajani.

Dada alifika wa kwanza. Alinishika kichwa, akashika mikono, akahesabu vidole vyangu vyote kumi kama tulivyokuwa tukifanya utotoni. Midomo yake ilikuwa myeupe. Alipomaliza kuhesabu akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati langu, akatoa ile karatasi, akaichana mara mbili, akaondoka zake kwa miguu akikata majani katikati. Hakunikaripia. Bora angenikaripia.

Jumapili, 16 Machi

Nimelala siku nzima. Nimefikiri kwa kina na kwa uaminifu, nikatafuta kosa langu.

Kosa ni la zipu. Ile pakiti iliandikwa chuma lakini meno yake ni dhaifu. Daktari anasema oil ilichemka kama alivyosema toka mwanzo. Na nani alikataa kuibadilisha? Yeye! Nimemtumia suruali yake kwa mkono wa mtu. Kairudisha, ikiwa na ujumbe kwamba haina zipu. Mtu hashukuru hata pasi.

Alhamisi, 20 Machi

Mwimbaji kaja dukani. Nilijificha chini ya meza ya kukatia, akainama, akanisalimia hukohuko. Kumbe Jumamosi mkono wa kushoto wa Kiroboto ulitua jukwaani, naye akauvaa begani palepale, akaendelea kuimba, akapokewa kwa shangwe. Juzi kauvaa hotelini. Wanawake watatu wametuma vipimo, wanataka mkono kama ule, wenye marinda sita na mdomo wa dhahabu. Nimekataa. Kile ni kifaa cha kitaalamu.

Jumamosi, 22 Machi

Kiroboto yuko dirishani. Nimepita mara nne asubuhi bila kutazama. Mara ya tano nikatazama. Kaegeshwa juu ya zulia jeupe, kabati kulia, makochi kushoto. Chombo cha maua kipo. Maua ni ya plastiki.

Nililia kidogo, nikijifanya naangalia bei ya kitanda.

Jumanne, 25 Machi

Shemeji kaniita. Anataka nishone vitambaa vya viti vya Kiroboto, vifanane na makochi mapya. Nilitaka kumtukana. Kisha nikafahamu kwamba ili nishone lazima nipime, na ili nipime lazima nikae ndani. Nikakubali kwa sauti ya unyonge.

Nimefika jioni wakati wa kufunga. Dada alikuwemo. Kakaa kiti cha abiria, viatu kavua, mkoba mapajani, anatazama barabara kupitia kioo. Sikujua kwamba huja. Hakushtuka. Nikaingia kiti cha dereva, nikafunga mlango. Watu waliokuwa wakipita nje walitutazama na sisi tukawatazama. Mmoja akasoma bei ya kochi, akaenda.

Kisha Dada akasema hii ndiyo mara ya kwanza kukaa na mimi kwenye gari hili bila roho kuwa juu. Akasema akipita hapa akaniona nimekaa dirishani, usiku atalala. Nikamwambia namwelewa, anisamehe. Akanipiga kibao chepesi kisogoni, akacheka. Nilikuwa nasema kwa moyo wote. Sijawahi kumpenda dada yangu kama dakika ile.

Alipokwenda kumsaidia Shemeji kuzima taa, nikatoa futi nikapima mlango wa kioo wa mbele. Pande zote mbili zinafunguka. Kiroboto anapita, nafasi ya vidole vinne kila upande, vioo vya pembeni vikikunjwa. Shemeji ametoa petroli yote, lakini nje kuna mteremko mzuri hadi kwenye makutano, petroli haihitajiki. Daktari naye amemwaga oil yote ya breki ili isichafue zulia.

Hilo la breki nitalifikiria nikishafika chini.